Siku Tisa za Betri Msituni Kibira

Wenzangu mnaobaki kazini mliniomba, siku ile ya chai na maandazi, niandike mambo niliyoyaona katika miaka yangu ya ufundi. Vyeo sitaviandika, kwa kuwa vilikuwa viwili tu, na kimoja nilipewa kwa makosa. Nitaandika kazi. Na kwa kuwa wengi wenu mmekuwa mkiuliza kuhusu lile karavani la Kibira, na kila mmoja ana hadithi yake, heri niseme mwenyewe ilivyokuwa, hata mahali ambapo hadithi hainipendezi.

Ufundi nilijifunzia Buyenzi, mtaa wetu Waswahili mjini, kwenye gereji ya Bwana Nassoro, mzee wa ukoo wa Kiomani ambaye babake aliuza vitambaa mtaani kabla barabara zetu hazijapata namba. Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa kitambaa, betri iliyokufa na brashi ya waya, akasema nisafishe vichwa vya betri mpaka nione uso wangu. Sikuuona uso wangu, ila nilitoboa suruali mpya kwa asidi, na mama aliongea wiki nzima. Bwana Nassoro alikuwa na maneno machache ambayo aliyarudia kama tasbihi. Moja lilikuwa hili, na njo kwetu ni ndiyo: "Swedi, kazi ya muda njo ile inadumu. Ukifunga waya kwa muda, utaikuta siku ya kufa kwako." Nilimwitikia kwa heshima, nikaendelea kufunga waya kwa muda.

Vita vilipoanza nilikuwa tayari nimeajiriwa na ofisi ya mbuga kama fundi wa magari na mitambo midogo. Baada ya miaka kadhaa ya vita, wakati nchi jirani zilipotufungia mipaka na petroli ikawa kitu cha kuota ndotoni, ofisi ilipata karavani. Lilikuwa la mume na mke wa Ulaya waliokimbia miezi ya kwanza ya mapigano, na tangu hapo lilikaa kwenye ghala moja Zone Industrielle, eneo la viwanda, kuku wakilitagia mayai. Nyumba nyeupe ya bati jepesi, magurudumu mawili, vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, sinki, choo kidogo na jokofu dogo. Daktari Goreti, mtaalamu wetu wa maji, alilizunguka mara tatu, akapiga bati kwa kidole, akasema, "Fundi, hii njo itatupeleka Kibira."

Kwa wasiokulia kwetu: Kibira ni mbuga ya msitu juu ya milima, na chemchemi zake ndizo zinazonywesha mabonde mengi chini. Vipimo vya chemchemi hizo vilikuwa vimekatika tangu vita vianze. Daktari Goreti alikuwa mwanamke mwembamba wa Kanyosha, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na aliamini kwamba vita vitakwisha na watu wataamka wakiuliza maji yamekwenda wapi. Alitaka kukaa msituni wiki tatu akipima kila siku. Hoteli hakuna, nyumba za walinzi zimechomwa, jenereta haina mafuta. Karavani lingekaa kwa nguvu ya jua, gesi chupa moja na maji ya kuteka.

Nilifanya kazi hiyo kwa wiki mbili. Niliweka betri mbili chini ya kitanda na bamba la jua juu ya paa. Jokofu lile liliweza kutumia gesi au umeme wa gari likiwa safarini. Kifaa cha kulitenga na betri za ndani likiegeshwa kilikuwa kimeungua, na kingine hakikupatikana mjini kote. Basi nikaweka swichi ya kupindua ndani ya kabati chini ya sinki, kwa muda, nikisema nikirudi nitatengeneza vizuri. Swichi haikuwa na kifuniko wala alama. Niliizima, nikafunga kabati, nikaisahau. Msitu ule ni baridi kiasi kwamba jokofu tulilitumia kuwekea vitunguu.

Tulipanda kwa msafara wa magari chini ya ulinzi wa askari, asubuhi, kama ilivyokuwa lazima wakati ule. Nyumba yenye magurudumu iliwatia watu wote mashaka. Kwenye kila kizuizi tulifunguliwa makabati yote. Mmoja alidhani tumebeba dhahabu, mwingine maiti. Askari mmoja aliingiza kichwa chooni, akatoka akiwa ameridhika kuwa hatuna siri. Miaka ile mtu aliulizwa ni wa wapi kabla hajaulizwa hali. Sisi Waswahili wa Buyenzi kila upande ulituona tu wa upande wa pili, kwa hiyo nilikuwa nimezoea kujibu kwa sentensi fupi.

Tulifika na kuegesha kwenye uwazi mdogo, gari lililotuvuta likarudi na msafara, mashamba ya chai yakiwa chini yetu na msitu mgongoni. Hapo alitungoja Mzee Bucumi. Alikuwa mlinzi wa mbuga wa siku nyingi, mtu wa mlima ule ule, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya sufu ambayo siku zile za kwanza sikuona chini yake kuna nini. Alijua kila njia ya msitu. Kabla sijamaliza kumsalimia nilikuwa nimeshajiuliza: mtu anayejua kila njia, katika msitu uliojaa watu wenye bunduki, anaishije miaka yote hii bila kuwajua?

Niweke hapa mambo ya kazi, kwa atakayepewa karavani siku moja. Lisawazishe kwa mawe chini ya magurudumu, si kwa ile miguu ya pembeni. Miguu ile ni ya kulizuia lisiyumbe, si jeki, na mimi nilivunja mmoja siku ya kwanza. Bamba la jua liinamishe kidogo ili umande na majani viteleze. Fungua dirisha kidogo hata kama unatetemeka, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji na kuwadondokea usoni. Na pima betri asubuhi na alasiri, uandike.

Niliandika. Nilikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Utaratibu wetu ulikuwa wawili waende kwenye chemchemi na mmoja abaki kulinda. Siku ya pili alibaki Mzee Bucumi. Tuliporudi alasiri nilipima betri, nikakuta zimeshuka sana, kana kwamba mtu aliwasha taa zote mchana kutwa. Siku ya tatu alibaki Daktari Goreti; betri zilikuwa zimejaa. Siku ya nne nilibaki mimi, zimejaa. Siku ya tano Bucumi; zimeshuka.

Mlima ule ulikuwa na uvumi mmoja uliopita kila mdomo: kwamba waasi wana redio za mawasiliano, na kwamba kuna mtu anawachajia betri zake. Nilisikia hayo kwa wachumaji chai, nikasikia kwa askari. Sasa betri zangu zilikuwa zinaisha siku za mtu mmoja tu.

Sikumwambia yeyote. Nilianza kuandika herufi pembeni ya vipimo: G kwa Goreti, S kwangu, B kwa Bucumi. Nilianza kumtazama. Nilifunga uzi mwembamba kwenye kifuniko cha sanduku la betri. Niliukuta umekatika, ingawa ni mimi mwenyewe niliyelala juu ya kitanda kile nikigeuka usiku kucha kwa baridi. Hilo sikulihesabu. Niliona nyayo za buti nyuma ya karavani, nikazipima kwa kijiti, na zilikuwa za Bucumi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka karavani. Hilo pia sikulihesabu. Mwenye shaka ni kama fundi mwenye nyundo peke yake. Kila kitu kwake ni msumari.

Naye alikuwa akitupikia. Siku zake za kubaki alichemsha maharagwe kwenye sufuria kubwa yenye masikio mawili, juu ya kuni nje, akayahamishia kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko na kuifunga blanketi ili yakae moto mpaka turudi. Kisha aliisugua sufuria kwa majivu mpaka inang'aa, akairudisha ndani. Siku alizokwenda msituni tulikula mkate na dagaa wa kopo. Niseme ukweli, maharagwe yale yalikuwa mazuri kuliko ya wengi niliowahi kuwasifu. Niliyala nikimtazama mikono.

Jioni moja nilimwuliza kama mzaha, "Muzee Bucumi, mchana ukibaki peke yako, hauogopi? Hakuna wageni wanapitaka?"

Aliuacha moto. "Wageni gani?"

"Wale ba musituni," nikasema, nikimaanisha waasi.

"Mi niko wa musituni," akasema, akarudi kuchochea moto.

Nililala nimeshikilia jibu hilo kama nimekamata mwizi.

Siku ya tisa, tulipokuwa wote watatu, alikuja luteni wa kambi ya chini, barabarani. Alikuwa kijana nadhifu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na askari watano nyuma yake. Alisalimia kwa adabu, akakataa kiti. Alisema wamesikia redio ikiongea karibu na mlima huu, na sehemu yenye umeme hapa ni moja tu.

"Njo nani anachunga hizi betri?" akauliza.

"Mimi, Shefu."

"Ziko zinatosha?"

Swali dogo tu. Ningesema zinatosha. Lakini nilikuwa mtu wa Buyenzi mbele ya bunduki tano, ambaye ndiye mwenye umeme. Macho yangu yakaenda mezani. Luteni akaona daftari juu ya meza, akalifungua. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Nilisikia ndege wa msituni, nikasikia maji yakichemka.

"Kila pahali betri imeshuka, kuna B. B ni nani?"

Nimefanya kazi miaka mingi, na nimepata maswali magumu kutoka kwa wakaguzi, lakini hilo ndilo ambalo bado najijibu. B ingeweza kuwa betri. Jibu lilikuwa pale pale, wala lisingekuwa hata gumu kuaminika. Lilinijia nusu saa baadaye.

"Bucumi," nikasema.

Mzee Bucumi hakupaza sauti. Aliweka mwiko juu ya mfuniko, akafuta mikono kwenye suruali. Daktari Goreti alisimama mbele ya luteni, akasema kwa Kirundi maneno marefu ya haraka, kwamba huyu ni mfanyakazi wa serikali, kwamba yeye anamjibia. Luteni alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba atamwuliza tu maswali. Walimfunga mikono nyuma. Alipopita karibu yangu alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Walipotoweka kwenye chai, Daktari Goreti aligeuka. "Fundi, uliona nini? Kwa macho yako, uliona nini?"

"Niliona vipimo."

"Nimekuuliza macho."

Hakuongea nami tena siku hiyo.

Kesho yake hatukuweza kwenda msituni bila kiongozi. Daktari alikaa mlangoni akinakili namba zake. Mimi nilitafuta la kufanya, nikachemsha maharagwe, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwapo. Niliyahamishia kwenye ndoo kama nilivyomwona akifanya, nikaisugua sufuria kwa majivu, nikaisukuma kabatini chini ya sinki. Moyoni nilikuwa nangoja alasiri. Nilitaka betri zikutwe zimejaa, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote: nilitaka zijae, ili niwe nimesema kweli.

Zilikuwa zimeshuka. Kipimo kilikuwa kile kile cha siku za B.

Nilipima mara ya pili. Kisha nikainua macho na, Mungu anisamehe, nilimtazama Daktari Goreti. Nilimtazama mikono, nikatazama mkoba wake.

Aliona. Alivua miwani. "Sasa ni mimi?"

"Sijasema kitu, Madamu."

"Haujasema, lakini unaandika. Utaandika G, ao? Na we, Swedi? Nani anakuandikaka we?"

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Nilikaa chini sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi nilifanya kile ambacho Bwana Nassoro angenifanya nifanye siku ya kwanza. Nilichomoa waya mmoja kwenye betri, nikaweka balbu ndogo ya taa ya gari katikati, kati ya waya na kichwa cha betri. Njia hii mnaijua: kama hakuna kinachokula umeme, balbu haiwaki. Nilizima kila kitu. Taa, pampu ya sinki, redio ndogo ya Daktari. Balbu iliwaka, nyekundu, imetulia, kama jicho.

Nilichomoa fyuzi ya taa. Inawaka. Ya pampu. Inawaka.

Daktari Goreti, ambaye hakutaka kunisaidia bali alitaka chai, alipita juu ya miguu yangu, akafungua kabati na kuvuta ile sufuria kubwa.

Balbu ikazima.

"Rudisha," nikasema.

"Nini?"

"Sufuria. Irudishe kama ilivyokuwa. Isukume mpaka ndani."

Aliisukuma. Kitu kikalia, tik, kidogo kama mtu anayevunja njiti, na balbu ikawaka.

Niliingiza mkono kabatini nikapapasa. Sikio la sufuria lilikuwa limekaa juu ya swichi yangu, ile ya muda. Ukiisukuma sufuria, sikio lilibonyeza swichi na jokofu likaanza kula umeme wa betri; ukiivuta, sikio liliirudisha. Mtu aliyeirudisha sufuria kabatini mchana ni yule tu aliyepika mchana. Na jioni nilikuwa mimi nikiitoa kuchemsha maji ya kuoga na kuiacha nje penye kuni, nikiuzima ushahidi kwa mkono wangu kabla sijaingia kulala. Nilifungua jokofu. Ndani ya kuta zake kulikuwa baridi kuliko nje. Nilikuwa nimeshika vitunguu vile siku mbili kabla, nikasema moyoni, ah, mlima huu.

"Basi alikamatwa juu ya kuosha sufuria," Daktari Goreti akasema. Hakuuliza.

Nilitaka kutoka mbio palepale, lakini baada ya saa kumi hakuna aliyetembea njia ile akafika salama; askari walipiga kwanza. Tulingoja. Asubuhi, kulipokucha vizuri, nilifungua ubao wa kabati pamoja na swichi yake, nikafunga betri moja kwa kitenge na kujitwika. Daktari alibeba sufuria na ubao. Nilimwambia abaki, akasema, "We juzi ulijibu na mudomo wako peke yako. Leo tunaenda wawili." Mlango wa karavani tuliuacha wazi kabisa, ili yeyote atakayepita aone kwamba ndani hamna kitu. Tuliteremka katikati ya chai, tukiimba kwa sauti nyimbo za shule na za kanisa, tusije tukadhaniwa tunanyatia. Mimi Mwislamu nilijikuta nikiitikia wimbo wa kanisani. Betri ina uzito wa kondoo, na kila hatua asidi ilicheza kichwani mwangu.

Luteni alitupokea kwenye kiwanja cha udongo, bendera katikati. Sikumwona Bucumi. Niliweka betri chini, nikaegemeza ubao kwenye jiwe, nikaunganisha balbu.

"Shefu, naomba uangalie hii."

Nilisukuma sufuria, balbu ikawaka. Nikaivuta, ikazima. Askari mmoja alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Luteni alichuchumaa, akafanya mwenyewe. Alisukuma na kuvuta mara nyingi, polepole, akiinamisha sikio kusikiliza ile tik.

"Nani amekutuma?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna mutu."

"Juzi ulisema ni yeye. Leo unasema ni sufuria. Na kesho utasema nani?"

"Kesho nitasema hii hii, Shefu."

"Labda wale ba musituni walikuja kukutisha."

"Walionitisha ni nyinyi," nikasema, na sijui hadi leo ulimi huo nilipewa na nani. "Nilikuona na bunduki, nikaogopa, nikasema jina la mutu. Swichi ni mimi niliiweka. Niliiweka mubaya. Mzee yule alikuwa anapika tu."

Daktari Goreti aliongeza kwamba yupo tayari kuandika ripoti kwa ofisi ya mbuga na kwa wakubwa wa luteni, akiweka mchoro wa sufuria. Alisema hivyo kwa upole wa mwalimu, na nadhani mchoro ule ulimwogopesha luteni kidogo. Hakuna anayetaka sufuria iingie kwenye faili lake.

"Basi niliteka mutu juu ya sufuria?"

"Juu yangu, Shefu. Sufuria haikuandika kitu."

Aliniletea karatasi. Niliandika kwamba kosa ni la fundi, kwamba betri ziliishia kwenye jokofu, nikatia sahihi. Kisha aliniamuru nikae chini juani mpaka azungumze na wakubwa kwa redio. Nilikaa karibu na ile bendera mpaka adhuhuri ikapita, nikifikiri kwamba watatutoa mimi na Bucumi au watatuweka wote wawili, na kwamba mke wangu Zaituni ataambiwa na mtu asiyejua kueleza. Nilisali pale pale kwa ishara ya kichwa. Askari waliniangalia wakaniacha.

Walimleta Bucumi akitembea mwenyewe. Kofia yake ya sufu haikuwapo, na ndipo nilipoona ana mvi tupu, fupi, kama mtoto aliyenyolewa. Mkono wa kushoto aliubana kifuani. Vidole vilikuwa vimevimba, havikunji. Daktari Goreti alimwendea akamshika bega. Mimi niliinuka, nikaanza kufungua balbu na waya.

Luteni alimwambia, "Nenda, muzee. Fundi amesema alikosea." Kana kwamba nilikuwa nimekosea njia ya Bugarama.

Tulipanda mlima watatu. Nilijitwika betri yangu, na Daktari akabeba sufuria. Tulikwenda zaidi ya saa moja, Bucumi akiwa mbele. Alisimama kuvuta pumzi, akaniuliza bila kugeuka:

"Uliandika siku ngapi?"

"Tisa."

"Na zile siku zote ulikuwa unakula maharagi yangu."

"Ego, muzee," nikasema. Ndiyo.

Akaendelea kupanda.

Daktari alimfunga vidole kwa vijiti na kitambaa, na siku mbili baadaye gari la chai lilimpeleka kwa mganga wa zahanati. Vidole viwili havikurudi kunyooka. Alikataa kurudi nyumbani. Alimaliza nasi wiki tatu zile, akituongoza kwenye chemchemi zote zilizobaki, na Daktari akapata namba zake. Alipopika, alinipakulia kama kawaida. Lakini hakukaa tena kula nami. Alikula amesimama, upande wa pili wa moto.

Karavani lilirudi mjini na halikupanda tena, kwa kuwa mapigano yalisogea karibu. Nimesikia limeishia Kibenga, limepakwa rangi ya kijani, linauziwa mishikaki. Mwenye nalo akisoma haya, atazame chini ya sinki.

Kwenu mafundi ninawaachia haya ya kazi. Swichi iwekewe kifuniko na alama siku ile ile unapoifunga. Kitu kikiisha bila sababu, anza na waya ulizofunga mwenyewe, kisha za wenzako, na watu uwaache mwisho kabisa. Na kwenye daftari la vipimo usiandike herufi ya mtu. Vita vile vilikuwa na madaftari mengi kama langu, na mengi hayakupata sufuria ya kuyasahihisha.

Mimi na Mzee Bucumi tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi, mpaka amani ikaja na hata baada ya hapo. Mama yangu alipofariki alishuka kutoka mlimani, akafika Buyenzi kwa miguu kutoka kituo cha gari, akanipa mkono, ule wa kushoto. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikuwahi kumwomba aseme. Ila katika miaka yote hiyo, kila tulipofika kizuizini, au ofisini kwa mkubwa, au popote nilipoanza kuzungumza na mtu aliyevaa sare, Bucumi alishuka garini, akasogea taratibu, akasimama mahali ambapo angeweza kusikia kila neno linalotoka kinywani mwangu.

Mimi nikajifunza kuongea kwa sauti kubwa.